Vipindi vya Chumba Kimoja: Mazungumzo kuhusu Friends

Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, na ninyi vijana wa kuandika na kuigiza mliokimbilia viti vya nyuma kama kawaida yenu: wa kushikamoo shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze kidogo kabla hatujaangalia tulichokuja kuangalia. Mada ni Friends, tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, na hasa zile episodi ambazo mtu anaweza kuzirudia leo, miaka zaidi ya thelathini tangu zianze kurushwa, akajikuta anacheka peke yake sebuleni huku akijua kabisa kinachofuata.

Wengi wenu mmeiona. Kwa wachache ambao hawajaiona, na msione haya, nawapa msingi haraka. Ilianza kurushwa na kituo cha NBC Septemba 22, 1994, ikaisha Mei 6, 2004. Misimu kumi, episodi 236. Walioitunga ni David Crane na Marta Kauffman, wakishirikiana na Kevin Bright katika utayarishaji. Kabla jina halijatulia iliitwa Insomnia Café, ikaitwa Friends Like Us, ikaitwa Six of One. Ni habari za marafiki sita wa umri wa miaka ishirini na kitu jijini New York: Monica mpishi, kaka yake Ross, mtaalamu wa mabaki ya viumbe vya kale, Rachel, aliyekimbia harusi yake mwenyewe akaingia mgahawani na shela kichwani, Chandler, ambaye anakwenda ofisini kila siku na hakuna anayejua anakwenda kufanya nini, Joey, mwigizaji anayetafuta kazi ya kuigiza, na Phoebe, anayeishi kwa kufanya masaji na kuimba vibaya kwa moyo wake wote. New York yenyewe ni ya kuunga kwa mbao. Walirekodi Burbank, California, kwenye studio za Warner Bros., na hata ile chemchemi wanayochezea mwanzoni mwa kila episodi iko hukohuko California.

Karibu kila episodi ilipewa jina kwa namna watu wanavyosimuliana kazini kesho yake asubuhi: ile ya tumbili, ile ambayo umeme ulikatika, ile ya video ya mahafali. Majina hayo hayakuonekana kwenye skrini, kwa hiyo waandishi hawakutaka kupoteza usiku mzima wakitafuta maneno mazuri ya kichwa cha habari. Hilo peke yake linaonyesha akili ya watu hawa. Walijua mtazamaji akitoka pale anabeba jambo moja tu, na jambo hilo likiwa halielezeki kwa sentensi fupi, hatalibeba.

Mimi nina dai moja jioni hii, na mtanipinga baadaye tukinywa chai. Nadai kwamba episodi zilizodumu ni zile zilizowafungia hawa watu chumbani, zikawapa jambo dogo, zikawanyima pa kukimbilia.

Chukueni mfano wa kinyume chake. Januari 28, 1996, mara tu baada ya fainali ya Super Bowl, NBC ilirusha Friends ya saa nzima. Julia Roberts alikuwemo. Jean-Claude Van Damme alikuwemo. Brooke Shields alikuwemo, na tumbili wa Ross alirudi akiwa nyota wa filamu. Wamarekani karibu milioni 53 waliitazama. Hata episodi ya mwisho kabisa, miaka minane baadaye, haikuifikia. Sasa nauliza, nani hapa anaweza kunisimulia kilichotokea ndani yake? Naona mikono miwili, na najua mmoja anamkumbuka Julia Roberts tu. Wageni walikuwa wengi mno siku ile hadi wenyeji wakakosa pa kukaa.

Miezi mitatu kabla yake, Oktoba 1995, ilirushwa episodi nyingine ambayo haikuwa na nyota yeyote wa sinema. Jina lake linataja steki tano na biringanya moja. Hiyo ndiyo ninayotaka tukae nayo.

Monica amepandishwa cheo. Sasa ndiye mpishi mkuu wa mlo wa mchana, na ndiye anayeagiza mahitaji ya jikoni. Wenzake wanamtoa kwenda kula, mahali pazuri, kusherehekea. Menyu zinafunguliwa. Rachel anaagiza saladi ya pembeni, ile inayoletwa pamoja na chakula cha mtu mwingine, tena peke yake. Joey anauliza kama piza yake wakiondoa karanga na mbogamboga bei itashuka. Wale watatu wengine, Ross, Chandler na Monica, wanakula walichotaka. Bili inakuja, na Ross, kwa moyo mweupe kabisa, anapiga hesabu: kila mtu dola 28. Halafu anakumbuka kwamba Monica ndiye anayepongezwa, hapaswi kulipa, basi wagawane watano: dola 33 na senti 50. Yaani aliyekula saladi ya pembeni anapandishiwa deni kwa jina la ukarimu! Phoebe ndiye anayesema hapana. Anasema samahani, hilo halitatokea.

Sisi watu wa kamati za harusi na kadi za singo na dabo hatuhitaji kuelezwa zaidi meza ile.

Tazameni kwanza kazi ya mwandishi pale. Hakuna mtu mbaya. Mwandishi mvivu angemfanya Ross mringaji, au angempa Phoebe kijicho, na sisi tungejua tukae upande gani. Hapa mwenye nacho hana roho mbaya na asiye nacho hana wivu, na bado hawawezi kula pamoja. Kisha jambo linazidi kuharibika kwa sababu ya wema. Ni siku ya kuzaliwa ya Ross. Wale watatu wenye nacho wanawanunulia wenzao tiketi za tamasha la bendi ya Hootie and the Blowfish ili waende wote. Wangenyamaza ingekuwa nafuu. Zawadi ile inawaumiza wale watatu wengine kuliko ile bili, maana sasa wamefanywa watu wa kusaidiwa. Mwishowe wenye pesa wanakwenda kwenye tamasha na wasio na pesa wanabaki nyumbani, na kila upande una hasira ambayo unaona aibu kuitaja.

Halafu kuna zile steki, zilizoletwa pamoja na tiketi. Muuza nyama amempa Monica zawadi ya shukrani, steki tano, na biringanya kwa ajili ya Phoebe asiyekula nyama. Sita kwa sita. Chakula cha marafiki wote, bila bili. Na chakula hichohicho ndicho kinachomfukuzisha kazi, kwa sababu waajiri wake wanaihesabu ile zawadi kuwa hongo. Aliyekuwa upande wa wenye nacho anahamia upande wa pili. Hakuna hotuba ya upatanisho. Dakika ishirini na mbili, na humo mna kila kitu ambacho pesa inaweza kuwafanyia watu wanaopendana.

Nje ya seti jambo hilohilo lilikuwa linawakuta waigizaji wenyewe. Mwaka wa kwanza wote sita walilipwa sawa, inavyosemwa dola 22,500 kwa episodi. Msimu wa pili kila mmoja akawa na mkataba wake. Nchi nzima ilikuwa inasubiri Ross na Rachel waoane, kwa hiyo David Schwimmer na Jennifer Aniston walikuwa wanapata zaidi ya wenzao. Schwimmer angeweza kukaa kimya akachuma. Badala yake aliwaambia wenzake waende mezani pamoja, wote sita, kwa bei moja. Studio haikupenda, ilitaka izungumze na mmojammoja, na mwajiri yeyote angetaka hivyo. Wakakubali kiwango cha yule aliyekuwa chini kabisa, maana yake yeye na Aniston walishuka. Kuanzia msimu wa tatu wote walikuwa kwenye dola 75,000, na misimu miwili ya mwisho kila mmoja alilipwa dola milioni moja kwa episodi. Chama cha wafanyakazi cha watu sita! Ninyi waigizaji mnaopatana bei kwa kificho, kila mtu chumbani kwake na prodyuza, na kesho yake mnaanza kuulizana kwa mafumbo nani kapewa ngapi, chukueni kalamu.

Sasa tuingie jikoni kwa wenye ufundi zaidi. Januari 1998 kuna ile ambayo Phoebe anakubali kubeba mimba kwa niaba ya mdogo wake wa kiume na mkewe. Sababu ya kweli ni kwamba Lisa Kudrow alikuwa mjamzito na waandishi walihitaji mahali pa kuliweka tumbo lake; wakaliweka mahali pazuri. Lakini kinachokumbukwa na wengi kwenye episodi ile ni kile cha sebuleni. Joey na Chandler wanabishana na Monica na Rachel kuhusu nani anamjua mwenzake vizuri zaidi, Ross anatunga maswali kama mwalimu wa zamu, na dau linapanda hadi kufikia nyumba: wasichana wakishindwa, wanahama. Swali la mwisho ni jepesi. Chandler anafanya kazi gani? Miaka minne wamekaa naye, wamekula naye, wamelia naye, na hawajui. Nyumba inakwenda.

Angalieni lile swali lilivyoandaliwa. Tangu msimu wa kwanza kazi ya Chandler ilikuwa utani wa kupita, neno la hapa na pale. Waandishi hawakuwa na haraka nalo. Walipolihitaji, lilikuwa limekwisha kuiva, na mtazamaji mwenyewe anagundua pale kwenye kochi kwamba hata yeye hajui. Utani ule haukugharimu seti mpya wala mgeni wala gari.

Februari 1999 walifanya jambo gumu zaidi. Monica na Chandler wanapendana kwa siri. Joey anajua, na siri inamlemea. Rachel anajua. Phoebe ndiyo kwanza anawaona kupitia dirishani, kutoka nyumba ya ng'ambo ambayo Ross anataka kuipanga. Rachel na Phoebe wanaamua kujifanya hawajui ili wawachezee, na Phoebe anaanza kumtongoza Chandler. Chandler na Monica wanang'amua kwamba wanachezewa, nao wanajifanya hawajang'amua. Ikafika mahali Phoebe anaeleza vita ile kwa sentensi moja ya kujua kwamba wanajua kwamba tunajua, na watu wakacheka bila kupotea hata hatua moja. Jaribuni kuandika hiyo. Chukueni karatasi, mchore nani anajua nini kila anapofungua mlango. Kosa moja tu na mtazamaji ameshika simu. Kisha, katikati ya mchezo wote ule wa nani atashindwa kwanza, Chandler anashindwa kwa kusema anampenda Monica. Haikuwa imesemwa mbele yao kabla ya hapo. Mzaha ulikuwa umejenga njia hadi pale, na sisi tulidhani unatupeleka kwingine.

Mapenzi yale hayakuwa hata kwenye mpango. Walipokwenda kurekodi London mwaka 1998, harusi ya Ross na Emily, ile aliyotaja jina la Rachel mbele ya mchungaji, Monica na Chandler walilazwa kitanda kimoja kama kichekesho cha mara moja. Monica alipochomoza kichwa kutoka kwenye shuka, watazamaji waliokuwepo walipiga kelele zisizokwisha. Watungaji wakaelewa kwamba wameshika kitu ambacho hawakukitafuta.

Nimetaja watazamaji, na hapo sina budi kusimama. Friends ilirekodiwa mbele ya watu wa kweli, kama mia tatu hivi, isipokuwa pale walipotaka kulinda siri ya mwisho wa msimu. Mzaha ukianguka, waandishi walikusanyika palepale sakafuni, wakatunga mwingine, waigizaji wakaushika na kurudia. Kile kicheko mnachokisikia kilifanya kazi ya mhariri. Kina ukali wake. Matthew Perry, aliyemwigiza Chandler, alisema kwenye kipindi cha kukutana tena cha mwaka 2021 kwamba watu wasipocheka alihisi kama atakufa. Alitoka jasho, alitetemeka. Lisa Kudrow, aliyesimama naye miaka kumi pale, akashangaa, kwa sababu hawakuwahi kuambiwa. Perry alikuwa amepambana na pombe na vidonge sehemu kubwa ya miaka ile, na aliyaandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwaka 2022. Alifariki Oktoba 28, 2023, akiwa na miaka 54. Nikiangalia sasa namna anavyopigilia sentensi zake, ule mkazo wake kwenye neno ambalo mtu mwingine angelipita, nasikia pia mtu anayesubiri kujua kama ataokoka. Sijui kama ni haki kuangalia hivyo. Ila siwezi tena kuangalia vinginevyo.

Na kwa kuwa nimetaja waliotangulia, nimtaje James Michael Tyler, yule Gunther wa mgahawani mwenye nywele nyeupe. Alichukuliwa kama mtu wa kupita nyuma tu, kwa sababu alijua kuendesha mashine ya kahawa kweli, ndiyo kazi aliyokuwa akifanya mjini. Alikaa miaka kumi. Alifariki Oktoba 2021. Waigizaji wadogo, jifunzeni kuendesha mashine.

Sasa la uchungu kidogo, maana chumba kikifungwa lazima tuulize nani kaachwa nje. New York ya Friends ni nyeupe kiasi cha kushangaza. Mwaka mmoja kabla yake, 1993, kituo cha Fox kilianza kurusha Living Single, iliyotungwa na Yvette Lee Bowser, naye Queen Latifah akiongoza: marafiki sita, weusi, vijana, wanaishi Brooklyn, wanaingiliana majumbani bila hodi. Nayo ilitengenezwa na Warner Bros. Ilidumu hadi 1998. Sisemi Friends iliiba, vichekesho vya marafiki sebuleni havina hatimiliki. Nasema studio moja ilikuwa na nyumba mbili, na tunajua ni ipi iliyopakwa rangi kila mwaka. Kwenye Friends ilibidi tungoje hadi msimu wa tisa, alipokuja Aisha Tyler, kumwona mhusika mweusi anayekaa zaidi ya episodi moja mbili na kuwa na mambo yake. Marta Kauffman mwenyewe alikiri jambo hilo hadharani, na mwaka 2022 akatoa dola milioni nne kwa Chuo Kikuu cha Brandeis, alikosoma yeye na Crane, kuanzisha nafasi ya uprofesa wa masomo ya Afrika na Wamarekani weusi. Mnaweza kusema amechelewa. Mimi nasema ni wachache waliotoa hata senti.

Kuna mizaha mingine iliyochacha pia. Ile ya unene wa Monica alipokuwa msichana, ile ya baba yake Chandler. Siwezi kuzitetea na sitajaribu. Mtaziona mkirudia misimu yote, na mtapitisha mbele haraka kama ninavyofanya mimi.

Nimalizie na hiki tutakachoangalia. Ni episodi ya pili ya msimu wa tatu, Septemba 26, 1996, imeandikwa na Ira Ungerleider na kuongozwa na Gail Mancuso. Ilianza kama mpango wa kubana matumizi: hakuna mgahawa, hakuna mgeni mashuhuri, hakuna mtaa. Sebule ya Monica, watu sita, na saa. Ross ana hotuba kwenye hafla ya makumbusho, anataka wote wawe wamevaa na kutoka, na dakika za hadithi zinakwenda karibu sawa na dakika za kwenye saa yenu. Ilifanikiwa kiasi kwamba watayarishaji wakaona ni busara kila msimu kuwa na angalau moja ya kujifungia hivyo. Kwa hiyo kijana atakayekuja kuniambia hawezi kuandika komedi kwa sababu hana bajeti ya lokesheni, nitamrudisha kwenye sebule hii.

Hakuna jambo kubwa linalotokea. Gauni la Phoebe limechafuka. Monica amesikiliza ujumbe wa simu ambao haukumhusu. Rachel hajui avae nini, na Ross anasema neno ambalo mwanaume yeyote aliyewahi kusubiri mlangoni amewahi kulisema na kulijutia. Chandler na Joey wanagombea kiti. Kwenye moja ya marudio ya kugombea kiti hicho Matt LeBlanc alianguka bega likateguka, hata ikabidi Joey afungwe mkono kwa kitambaa kwenye episodi nyingine na kutungiwa sababu. Kwa hiyo wakiruka, jueni wanaruka kweli.

Ninachowaomba ni kimoja. Chandler alinyanyuka akaenda msalani, akarudi akamkuta Joey amekaa. Kila mmoja ana hoja, na kila hoja inaleta jibu baya zaidi, hadi mtu anavaa kabati zima la mwenzake. Fuatilieni ugomvi ule tangu neno la kwanza, msikengeushwe na nguo. Mwishoni, kabla ya chai, nitawauliza kiti kilikuwa cha nani, na sitakubali jibu la kwamba kilikuwa cha Monica.